Chumba cha Bure kwa Mama Bonareri

Mwanamume nisiyemjua aliingia chumbani kwangu mchana kweupe, akavua koti, akalitundika kwenye msumari wa sare yangu ya chuo.

Hakupiga hodi!

Nilikuwa napiga pasi. Pasi ya makaa, ile yenye jogoo kwenye kifuniko. Nikabaki nimeishika juu juu, sijui niiweke chini au nimtupie.

"Wewe ni nani?"

"Mimi Zachariah."

"Zachariah wa wapi? Nani kakuruhusu kuingia humu?"

Akakaa kwenye kigoda changu, akaanza kufungua kamba za viatu. Taratibu tu, kama mtu aliyefika kwake.

"Mama Bonareri amenituma kwako," akasema. "Kwani hakukuambia leo nitakuja?"

Jamani... ngojeni kwanza. Kabla sijawaambia niliyafanyia nini yale makaa, niwaeleze kwa nini naandika.

Jana mjukuu wangu kaniingiza kwenye group ya wanafunzi wanaosoma nchi za watu. Nikawaona mnaulizana mbinu za kupunguza kodi. Mmoja anasema hama mjini, mwingine anasema laleni wanne chumba kimoja. Halafu binti mmoja akaandika: "Mimi nimepata familia nzuri, naishi bure kabisa!" Mkamshangilia kwa mioyo na makofi.

Mimi nikaiweka simu chini.

Maana hata mimi nilikuwa mwanafunzi wa kutoka nje.

Naitwa Anyiko. Nimezaliwa Shirati, Tanzania, karibu na ziwa. Mwaka 1976 nilipata nafasi kwenye chuo cha ualimu huku Kisii, Kenya. Wakati huo kuvuka mpaka ilikuwa kama kwenda kwa jirani kuomba chumvi.

Tatizo lilikuwa bweni. Wenyeji walilipiwa na serikali yao. Sisi wa kutoka nje tulijilipia wenyewe, na baba yangu alikuwa ameshafariki. Muhula wa kwanza mama aliuza cherehani yake. Muhula wa pili hakuwa na cha kuuza.

Nilijaribu kila kitu! Nililala kitanda kimoja na rafiki yangu Persis, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule. Matroni akatufumania wiki ya pili, akanitoa nje na sanduku langu.

Nikaenda Keroka kwa kaka yangu Eliakim. Yeye alikuwa anauza samaki wakavu pale barabarani. Baada ya baba kufa, ndiye aliyekuwa mkubwa wangu. Nikamlilia.

Baada ya siku tatu akaja chuoni, meno yote nje.

"Nyamera," akasema. Ndivyo Wajaluo tunavyomwita dada. "Shida yako imekwisha. Nimekupatia nyumba."

"Kodi ni ngapi?"

"Bure."

"Bure kivipi, Eli?"

"Ni mama mjane, anaitwa Bonareri. Hana mtoto wa kiume, na mabinti wake wameolewa mbali. Anataka mtu wa kukaa naye. Umchotee maji, umsaidie kuchuma majani chai, basi."

"Basi tu?"

"Wewe unataka nini tena? Nikutafutie na gari?"

Nikamkumbatia kaka yangu. Nikalia kwa furaha. Mwenye shida haulizi maswali mawili.

Boma la Mama Bonareri lilikuwa juu ya kilima, ukishavuka soko la Daraja Mbili unafuata barabara ya Nyamira. Mwendo wa saa moja kwa miguu hadi chuoni. Nilipofika nilidhani nimeingia kwenye sherehe ya mtu mwingine.

Mbuzi alikuwa amechinjwa.

Wanawake walikuwa wamejipanga njiani, wanapiga vigelegele. Mmoja akanifunga kitambaa kichwani. Mwingine akanipa kapu la unga wa wimbi. Mama Bonareri akanishika mkono, akanipeleka kwenye nyumba ndogo ya udongo, bati jipya linang'aa, mlango wake peke yake. Ndani kulikuwa na kitanda, mafiga matatu ambayo hayajawahi kuona moto, na jembe jipya.

"Hii yote ni yako," akaniambia.

"Yangu peke yangu?"

"Ya nani tena? Washa moto, mwanangu."

Nikawasha. Vigelegele vikapanda tena! Nikajiambia, hawa Wakisii wanajua kukaribisha wageni, acha tu.

Kule chuoni nilitembea kifua mbele. Nikawaambia wanafunzi wenzangu wa kutoka Uganda na Malawi, "Ninyi mnaolipa bweni mmerogwa. Mbinu ni kutafuta familia." Persis akaniomba nimtafutie na yeye.

Kila mwisho wa mwezi nilimfuata Mama Bonareri kwa adabu.

"Mama, nikuletee nini kwa ajili ya nyumba?"

"Yaya!" Kwao hiyo ni hapana. Alikuwa akicheka hadi anashika mbavu. "Mtu analipia nyumba yake?"

Nami nikacheka. Tukacheka wote wawili, kila mtu na lake.

Nilimpenda yule mama, sitawaficha. Jioni alinisimulia mambo ya marehemu mume wake, Nyasani. Shamba hili ni la Nyasani. Ile migomba ni ya Nyasani. Nyasani asingekubali mtu avuke ule mpaka pale chini, na huku ananyoosha kidole upande wa shemeji yake Onsongo, ambaye boma lake lilikuwa limepakana na letu. Picha ya huyo mume sikuiona, wala kaburi. Nilidhani amezikwa mbali, na si heshima kumuuliza mjane.

Sasa turudi kwa Zachariah.

Nilipomsikia amesema ametumwa kwangu, nikaifungua ile pasi, nikanyanyua.

"Toka!"

"Lakini mama amesema..."

"TOKA!"

Makaa mawili yakaruka, moja likamwangukia kwenye soksi. Zachariah akatoka mbio, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Koti likabaki kwenye msumari.

Nami nikatoka mbio, ila upande wa shambani. Mama Bonareri alikuwa katikati ya michai, kapu mgongoni.

"Mama! Kuna mwanamume ameingia chumbani kwangu!"

Hakushtuka. Akaendelea kuchuma majani.

"Ni Zachariah. Ni mtu mzuri, anatoka Nyamira, hanywi pombe. Nilimchagua mimi mwenyewe."

"Umemchagua wa nini?"

Hapo akasimama. Akanitazama usoni.

"Anyiko... ndugu yako hakukuambia?"

"Aniambie nini? Mama, mimi ni mpangaji wako!"

"Mpangaji?" Akatua kapu chini. "Umeniona hata siku moja nikikuomba kodi?"

Nikakumbuka vicheko vyake vya kila mwisho wa mwezi.

"Nilitoa ng'ombe watano kwa ajili yako. Eliakim alikuja hapa kuwachukua yeye mwenyewe, na wazee wanaona. Wewe ni mke wa nyumba hii."

Nilikaa pale pale kwenye udongo, na sare yangu nzuri niliyotoka kuipiga pasi.

Kwa wale msiojua, niwaeleze. Huku zamani, mama asiye na mtoto wa kiume nyumba yake haikuwa na mrithi. Akifa, shamba linachukuliwa na ndugu za mume. Basi mama kama huyo aliweza kutoa ng'ombe, akaiolea nyumba yake msichana, kana kwamba anamwolea mwanawe ambaye hakuzaliwa. Mwanamume anachaguliwa tu, anakuja na kuondoka. Watoto ni wa nyumba ile. Lilikuwa jambo la wazi kabisa, lenye heshima zake. Kijiji kizima kilijua mimi ni bibi harusi.

Asiyejua alikuwa mmoja tu. Bibi harusi mwenyewe!

Kesho yake sikwenda darasani. Nilikwenda Keroka.

Eliakim aliponiona akaacha samaki na mteja, akataka kupita nyuma ya lori. Nikamshika shati.

"Ng'ombe wangu wako wapi?"

"Nyamera, punguza sauti..."

"WAKO WAPI?"

Mlango wa chumba chake pale barabarani ukafunguliwa. Akatoka mwanamke kijana, tumbo limefika mdomoni, anapumua kwa shida. Alikuwa Drusilla, mke wa kaka yangu. Niliwahi kumuuliza Eliakim alivyoweza kuoa kwa haraka vile. Alinijibu kwamba samaki wanalipa.

"Ng'ombe wako kwa baba yake Drusilla," akasema kwa sauti ndogo. "Nimeoa nao. Kaka anaoa kwa ng'ombe wa dada yake, unajua hivyo tangu utoto."

"Warudishe."

"Hawapo tena, Anyiko. Baba yake Drusilla amemwolea mwanawe nao. Nikiwadai mimi, yeye atawadai kule, na kule nao... Ni ndoa tatu zitavunjika. Mtoto anazaliwa mwezi ujao."

Drusilla alishika tumbo tu, akanitazama. Sijawahi kumchukia mtu nikakosa pa kuanzia kama siku ile.

"Basi narudi kwa mama Shirati! Leo hii!"

Kaka yangu akainamisha kichwa.

"Husikilizi redio? Mpaka umefungwa."

Ilikuwa mwezi wa pili, mwaka 1977. Tanzania ilikuwa imefunga mpaka wake na Kenya. Njia niliyokuja nayo nikiimba haikuwepo tena. Mama yangu alikuwa upande wa pili, na hata barua sikujua itafikaje.

Nilikaa juu ya gunia la samaki nikalia mbele ya watu. Hakuna aliyeniuliza kitu. Eliakim alinipa chai, nikaimwaga chini.

Nikaenda kwa mkuu wa chuo. Akanisikiliza, akavua miwani, akaifuta.

"Binti, mambo ya ndoa yana wenyewe. Na bweni limejaa."

Nikarudi kwenye nyumba yangu ya bure. Ningelala wapi? Nikaweka jembe nyuma ya mlango, na makaa hayakuzimika. Mama Bonareri aliniwekea chakula mlangoni kila siku, nami nilikirudisha nusu. Mtihani wa mwisho ulikuwa bado miezi michache. Nilichokuwa natafuta kilikuwa kimoja tu, nipate cheti changu, nitoke pale nikiwa mtu huru.

Ndipo Onsongo akajitokeza.

Yule shemeji. Nilimkuta Daraja Mbili siku ya soko, kofia safi, tabasamu. Akaninunulia kichana cha ndizi mbivu.

"Nimesikia habari yako, binti yangu. Wamekuonea sana."

Mtu wa kwanza kuniambia hivyo! Machozi yakanitoka hapo hapo sokoni.

"Mimi nina ng'ombe," akasema. "Nitamrudishia Bonareri watano wake. Wewe utakuwa huru."

"Kwa nini unisaidie, mzee?"

"Mimi ni Mkristo."

Najua mnachowaza. Mnasema, Anyiko, hukujifunza? Yule ndiye anayetaka shamba! Nilijua. Niseme ukweli, nilijua kabisa kwamba nikitoka pale nyumba ya Mama Bonareri imekwisha, na Onsongo atavuka ule mpaka siku hiyo hiyo. Nikajiambia, na yule mama aliponinunua alinihurumia?

Nikakubali.

Baraza lilifanyika ofisini kwa chifu asubuhi ya Jumatano. Ng'ombe watano wa Onsongo walikuwa wamefungwa nje, wanene, wanatafuna. Mama Bonareri alikuja peke yake, amevaa gauni lake la kanisani. Hakunitazama.

Mzee Angwenyi, ambaye ndiye aliyesimamia ng'ombe wangu mara ya kwanza, alikuwa na mafua, anapenga kamasi kila baada ya neno.

"Onsongo, ng'ombe ni wako?"

"Ni wangu."

"Unamlipa Bonareri ng'ombe zake?"

"Namlipa zote."

"Bonareri, utapokea?"

Mama Bonareri akaitikia kwa kichwa.

Nikaanza kuhesabu siku za mtihani kichwani. Angwenyi akakunja kitambaa chake, akanigeukia.

"Na wewe msichana, umekubali kwa moyo wako?"

"Nimekubali, mzee. Nataka kuwa huru."

"Huru?" Akawatazama wenzake. "Huyu anajua?"

Mmoja wao akapandisha mabega.

"Msichana, mwanamke akitoka boma moja, anayerudisha ng'ombe ndiye anayemchukua. Ng'ombe za Onsongo zikiingia kwa Bonareri leo, wewe jioni unalala kwa Onsongo. Utakuwa bibi yake wa tatu. Hakuna aliyekuambia?"

Nikamgeukia Onsongo... Mkristo wangu alikuwa anasoma viatu vyake.

Shamba na mimi! Alikuwa anatupata wote kwa ng'ombe watano, na mimi ndiye niliyemfungulia mlango, mdomo umejaa ndizi zake.

"Sema," Angwenyi akaniambia. "Unakwenda kwa Onsongo, au unabaki?"

Nilitazama dirishani. Nilitafuta jibu la tatu. Kaka, chuo, mpaka, mama yangu... nilipita kote kwa akili, kila mahali pamefungwa. Nilikuwa na miaka ishirini na moja.

"Nitarudi nyumbani na Mama," nikasema.

Tulipanda kilima pamoja. Njiani nikamlipukia.

"Umeridhika? Sasa umenipata! Huyo Nyasani wako angekuwa hai, angekubali uninunue kama kuku?"

Mama Bonareri akasimama.

"Nyasani hajakufa," akasema.

"Nini?"

"Hajakufa, kwa sababu hakuzaliwa."

Nikadhani jua limempiga kichwani.

"Mama mkwe wangu Nyanchama hakupata kijana; Onsongo ni wa mke mwenzake. Alitoa ng'ombe saba na mbuzi mmoja, akanioa kwa niaba ya jina tu. Mwana ambaye angeitwa Nyasani kama angezaliwa. Nilikuwa na miaka kumi na nne. Nililia miaka miwili, Anyiko. Nikamtaja kila siku, Nyasani, Nyasani, mpaka na mimi nikamzoea. Halafu nikazaa wasichana watupu."

Ile migomba ya Nyasani. Ule mpaka wa Nyasani. Mwaka mzima nilimheshimu marehemu ambaye hakuwahi kuvuta pumzi!

"Kama ulilia miaka miwili," nikamwambia, na hapo nilikuwa nalia, "kwa nini ukanifanyia mimi vile vile?"

Sikutegemea angejibu, lakini alijibu.

"Sikujua njia ingine ya kutofukuzwa. Wasichana wa hapa walikataa. Ndugu yako akasema umekubali, akasema wewe ndiye ulimtuma. Nikamshukuru Mungu."

Tuliketi pembeni ya njia, wanawake wawili walioolewa na mtu mmoja asiyekuwepo. Sikuweza kumsamehe. Sikuweza pia kuendelea kumchukia. Nilikuwa nimechoka tu.

"Zachariah hatarudi," akasema mwishoni. "Maliza shule yako. Mwanamume utamchagua mwenyewe, ama ukae bila. Mimi nataka tu moto uwake kwa ile nyumba."

Nilimaliza. Nikapata cheti, nikafundisha shule ya msingi chini ya kilima. Mkija kuniuliza kwa nini sikuondoka, sina jibu la kishujaa. Kila mwaka nilisema mwaka ujao. Mpaka ulifunguliwa mwaka 1983, nikakimbia Shirati na zawadi, nikakuta mama yangu ana miaka miwili kaburini. Nikarudi Kisii. Eliakim sikumsemesha hadi siku alipokufa. Mtoto wa Drusilla wakampa jina langu, kana kwamba jina ni malipo.

Mama Bonareri nilimzika mwaka 1991. Nililia zaidi ya mabinti wake. Nina watoto wawili, nao wote vyeti vyao vya kuzaliwa vinasema ni wa Nyasani. Baba yao halisi hamtajiwi, ni mambo yangu. Shamba wanalo, na Onsongo alikufa akilitazama kwa mbali.

Koti la Zachariah? Hakuna aliyekuja kulidai. Nililivaa kuchumia majani chai siku za mvua hadi likaoza.

Sasa wewe binti wa jana, unayeishi bure. Sisemi familia yako ni wabaya. Mama Bonareri hakuwa mbaya. Nakuomba leo ukae nao mezani, uwaulize: hii nyumba imelipiwa na nani, na amelipia nini? Na kama ni ndugu yako aliyekutafutia, muulize yeye kwanza.

Nyuma ya nyumba yangu nimejenga vyumba vitatu vya wanafunzi. Wanakuja wasichana wa Uganda, wa Burundi, wa kwetu Tanzania, na wakisikia hadithi yangu wanadhani nitawahurumia niwape bure. Nakataa! Nawatoza, hata kama ni kidogo, hata kama ni kwa mafungu, na risiti nawaandikia kwa mkono wangu. Wananiita bahili, nami nimezoea.

Mimi mwenyewe nina miaka karibu hamsini humu ndani, na sijawahi kulipa kodi hata mwezi mmoja. Ndiyo maana nawatoza. Anayelipa kodi, siku akitaka kuhama, anafunga sanduku lake na kuondoka.